Kiti cha Mia na Ishirini

Jumapili, Agosti 24

Mama amenipa daftari hili akasema niandike, nisije nikasahau kuandika kabisa. Ananijua. Haya, naandika. Jina ni Kazimierz Pawlak, Kaz kwa marafiki na kwa maadui, mtu wa Toledo, Ohio, kilo mia na kumi na mbili kabla ya kifungua kinywa. Mjukuu wa Stan Pawlak, yule ambaye picha yake imetundikwa kwenye ushoroba wa uwanja, hana meno mawili ya mbele na ameukumbatia mpira kama mkate wa wizi. Wenzangu wameingia Chuo cha Mtakatifu Kolmani kwa akili zao. Mimi nimeingia kwa meno ya babu.

Mpira wenyewe, huu wa Kimarekani wa kushika mikononi, sichezi, goti lilikataa zamani. Na wamenipokea kwa sharti: muhula huu wa kwanza nisifeli somo hata moja. Nikifeli moja tu, narudi Toledo kuuza matairi na mjomba.

Babu alifariki Juni. Msibani nilikula pirogi, zile sambusa za viazi za Kipolandi, kumi na nne. Sijalia mpaka leo. Nadhani kilio kitakuja chenyewe, kama mizigo inavyochelewa kiwanja cha ndege.

Mwenzangu wa chumba anaitwa Emmett Kluesner, wa Iowa, kwao mahindi na nguruwe, mwembamba kama mpini wa reki. Shuleni kwao walimaliza ishirini na wawili, naye wa kwanza. Nikamwambia, "Bwana, hapa kila mtu alikuwa wa kwanza kwao. Mimi nilikuwa wa kwanza kwenye foleni ya chakula."

Hakucheka. Alikuwa anapanga vitabu kwa urefu.

Jumatatu, Agosti 25

Mvua. Kemia saa mbili asubuhi. Nimelala.

Alhamisi, Agosti 28

Leo nimeiona Kemia kwa macho. Profesa Brandvold ni bibi mfupi, chaki nyuma ya sikio, haulizi mara mbili. Mwenzangu wa meza ya maabara ni Tess Aguirre wa San Antonio, ambaye kaka yake yuko mwaka wa nne hapahapa, kwa hiyo anajua siri zote za jikoni.

"Sikiliza, mzito," akaniambia. "Alama za Brandvold hazina maana zenyewe. Mitihani yake ni migumu kwa makusudi. Ukipata hamsini na wenzako wamepata arobaini, wewe ni mfalme. Mwisho wa muhula anatupanga wote mstari mmoja, mia na ishirini wa kwanza wanapita. Maabara ya muhula wa pili ina viti mia na ishirini, basi."

"Na sisi tuko wangapi?"

"Mia na arobaini na kidogo."

"Basi sihitaji akili," nikasema. "Nahitaji watu ishirini na kidogo wajinga kuliko mimi."

"Tatizo lako, Kaz, ni hapa utawatoa wapi."

Nje ya dirisha winchi zilikuwa zinanyanyua vyuma. Uwanja wa mpira unaongezewa viti elfu nne.

Jumamosi, Septemba 6

Mechi ya kwanza nyumbani. Tumechoma soseji kwenye maegesho toka asubuhi, bendi ikapita, wazee wa miaka themanini wamevaa suruali nyekundu kama pilipili hoho wanalia kwa sababu tu wameiona bendi. Nikapita chini ya picha ya Babu. Nikamwangalia, akaniangalia.

Wanafunzi hatukai. Tunasimama juu ya mabenchi mwanzo mpaka mwisho, na kila Mahujaji, timu yetu, wanapofunga, tunamshika mtu mwepesi na kumrusha juu hewani, mara nyingi kama jumla ya alama zetu. Sisi watu wa bweni la Malaki tulimrusha Emmett. Saba. Kumi na nne. Ishirini na moja. Mwisho tulifika arobaini na mbili, mikono imekufa. Wengine wakirushwa wanapiga mayowe, wanatapika, wanamwita mama. Emmett alipanda na kushuka na uso uleule, kama shati kwenye kamba ya nguo.

"Huyu amelala?" akauliza Dooley wa ghorofa ya tatu.

"Nirusheni mimi basi," nikasema.

"Wewe? Kaombe winchi pale."

Nimepiga kelele mpaka sauti imekwisha. Jioni nimekaa kitandani nikajaribu kukumbuka nilichohisi. Koo lilikuwa linauma. Hicho ndicho nilichokipata.

Jumapili, Septemba 7

Kila bweni lina kanisa lake dogo na padre wake anayelala humohumo. Wetu ni Padre Tierney, ana mbwa mzee anayekoroma wakati wa mahubiri. Wakati wa maombi kila mtu anasema lake kwa sauti. Mmoja akaombea nyonga ya bibi yake. Dooley akaombea kifundo cha mguu cha mrusha mpira wetu, na hapo "utusikie" ikatikisa vioo. Mimi nikaombea Kemia. Wamecheka wote, Padre pia.

Emmett hakuombea kitu.

Jumatano, Septemba 17

Maharage ya kopo. Hakuna habari.

Jumanne, Septemba 23

Majaribio ya Kemia yamerudi. Brandvold amegawa karatasi mwanzo wa kipindi. Mimi thelathini na nane, Tess hamsini na tano. Emmett, anayekaa safu ya mbele na penseli tatu, aliiangalia yake, akaikunja mara nne, akatoka kwa mlango wa pembeni. Mwisho wa kipindi ndipo bibi akaandika ubaoni wastani wa darasa: arobaini na saba. Watu wakashusha pumzi.

Nikamkuta chumbani amelala, uso ukutani. Karatasi iko mezani. Sitini na moja.

"Sitini na moja," nikasema. "Bwana, kwetu ningetembezwa nayo mtaani juu ya gari la zimamoto."

Akasema na ukuta, "Wewe umepata ngapi?"

"Thelathini na nane."

"Na unacheka."

"Nilie nini? Kwetu kufeli ni kazi ya ukoo."

Hakugeuka. Nikaona anaringa. Hawa wa kwanza ndio walivyo, ukiwapa sitini wanaikalia matanga mia waliyoikosa.

Jumatatu, Septemba 29

Wawili wameacha Kemia. Viti viwili.

Jumamosi, Oktoba 4

Tumeshinda. Tumemrusha kijana wa Ohio, akapoteza kiatu. Emmett hakuja. Mvua ya ziwani imepiga ubavuni mechi nzima.

Alhamisi, Oktoba 9

Mvua. Emmett anaenda darasani siku moja, siku ya pili haendi. Mama yake amempigia. Alipokea bila kugeuka kutoka ukutani. "Nzuri, Mama. Nzuri tu. Ndiyo, nakula."

Hajala. Najua kwa sababu mimi ndiye nimekula cha kwake.

Jumanne, Oktoba 14

Hapa hata ukisomea ng'ombe lazima usome falsafa na teolojia. Watu wa nje wanakijua chuo kwa mpira tu, hawajui kwamba humu ndani mchezaji wa kilo mia na hamsini anaweza kukusimamisha foleni ya chakula akuulize kama nafsi inakufa. Leo profesa alikuwa anaeleza ule uthibitisho wa Mungu, kwamba kila kinachosogea kimesogezwa na kingine. Nikanyoosha mkono.

"Profesa, hujamwona mwenzangu wa chumba. Huyo hakuna kinachomsogeza."

Darasa likaangua kicheko. Profesa mwenyewe akafuta machozi. Nimekuwa mtu maarufu mpaka saa sita mchana.

Nikarudi chumbani. Alikuwa palepale. Hapakuwa tena na cha kuchekesha, nikala siagi ya karanga.

Jumatano, Oktoba 15

Wengine watatu wameacha Kemia. Viti vitano jumla. Tess anasema nitafika ukingoni mwa mstari bila kujifunza hata neno.

Jumanne, Oktoba 21

Jaribio la pili. Emmett hakwenda kuchukua karatasi, nimemletea mimi. Yeye sitini na nne, mimi arobaini na moja.

"Umepanda," nikamwambia.

"Asante," akasema, kama mtu anavyomshukuru tarishi.

Jumamosi, Oktoba 25

Tumeshindwa ugenini. Bweni zima limenuna. Mimi nimelala usingizi mzuri.

Jumapili, Novemba 2

Siku ya marehemu wote. Kanisani kila mtu anataja wafu wake kwa sauti. Majina yalikwenda safu kwa safu, shangazi, mjomba, rafiki wa shule. Dooley akamtaja mbwa. Zamu ikafika kwangu. Nilifungua mdomo, jina la Babu lipo, fupi, silabi moja. Nikaufunga. Aliyefuata akataja bibi yake.

Jumanne, Novemba 4

Nimerudi kutoka chakula cha mchana, kitanda cha Emmett ni godoro tupu. Vitabu havipo. Ameniachia kopo zima la siagi ya karanga, halijafunguliwa.

Nikashuka kwa Padre Tierney.

"Baba yake amekuja kumchukua," akasema Padre. "Kijana anasema hapawezi hapa. Nimewaambia wakuu wamsubiri kidogo. Asiporudi mpaka Jumatatu ya tarehe kumi na saba, nafasi imekwenda, na ufadhili umekwenda nayo. Na bila ufadhili yule hasomi tena popote, Kaz. Alikuambia chochote?"

"Padre, yule hata habari ya asubuhi hakuniambia."

"Na wewe ulimwambia nini?"

Nikasema, "Vichekesho tu."

Kiti kimoja.

Alhamisi, Novemba 6

Chumba kumbe ni kikubwa.

Jumanne, Novemba 11

Maabara. Theluji ya kwanza, nyembamba, haishiki. Tess alikuwa anapima asidi, mimi nashika chupa, ndiyo kazi ninayoaminiwa.

"Yule rafiki yako wa Iowa," akasema. "Kwa nini ameondoka?"

"Alama."

"Alama zipi? Kaka yangu anasahihisha majaribio ya Brandvold. Sitini na nne ilikuwa ya tisa darasa zima. Hiyo bibi akishapima mwishoni ni A kasoro kidogo."

"Najua," nikasema. "Kila mtu anajua."

"Emmett anajua?"

Nilikuwa nimeishika chupa. Nikakumbuka mlango wa pembeni, jinsi alivyotoka kabla ya wastani kuandikwa. Nikakumbuka shule ya watu ishirini na wawili ambako mia ni mia na sitini ni aibu. Miezi miwili nimelala hatua mbili kutoka kwake, nikijua kitu kimoja ambacho yeye hajui, na nilichofanya ni kumtania.

"Kaz, weka chupa chini," akasema Tess. "Unaimwaga."

Alhamisi, Novemba 13

Nimempigia mara nyingi, hapokei. Nimemwandikia alama zote na wastani wake, hajasoma. Nikaenda kwa Padre nikamweleza.

"Hakujua?" Padre akavua miwani.

"Padre, hapa kila mtu anajua."

"Kila mtu mwenye wa kumwambia," akasema. Mbwa akakoroma. "Nimempigia leo asubuhi kwenye simu ya nyumbani. Kila nikisema neno anajibu 'Ndiyo, Padre.' Nikimwambia hili pia atasema 'Ndiyo, Padre.' Atadhani nambariki tu."

Basi nimekwenda kwa Tess. Ana pikapu ya baba yake, iliyozeeka kuliko sisi wote. Kaka yake ana wageni wawili Jumamosi na amewapatia tiketi moja tu. Jumamosi ni mechi na wale wa Chuo cha Jimbo, mahasimu wetu wa siku zote. Watu hapa wanaahirisha harusi kwa ajili ya mechi hiyo, na nimesikia juu ya mmoja aliyeahirisha upasuaji.

"Tiketi yangu, na mimi nachukua gari mpaka Jumapili," nikasema.

Tess akauliza, "Na kiti?"

"Kiti gani?"

"Usijitie wazimu. Waliobaki ni mia na thelathini na kitu, na wewe uko palepale ukingoni. Kila anayeondoka juu yako anakusogeza. Huyu akirudi anakurudisha."

"Dada, mimi ni mjukuu wa Stan Pawlak. Kiti kitanitafuta chenyewe."

"Mpumbavu," akasema, akanipa ufunguo.

Jumapili, Novemba 16

Naandika ya jana. Ni mengi, mkono utauma.

Nimeondoka alfajiri. Illinois ni ndefu na imelala chali. Redio ya pikapu inashika kituo kimoja, mhubiri, halafu mchana ndiyo ikashika mechi. Nimevuka mto Mississippi wenzangu wakiwa wanapanda mabenchi. Nilisikia kelele za watu elfu themanini kupitia spika yenye tundu. Zilikuwa kama mtu anakaanga kitu chumba cha pili.

Nyumba ya kina Kluesner iko juu ya kilima, nyeupe, banda la nguruwe upande unaotoka upepo. Mama yake alifungua mlango, mwanamke mwembamba kama yeye, mikono ina unga.

"Wewe ndiye Kaz," akasema.

"Amenitaja?"

"Alisema unakula sana na unacheka sana. Yuko bandani kwenye mashine. Baba yake alimkataza kufanya kazi, apumzike. Nikamwambia mume wangu, mwache, akikaa ndani anaangalia ukuta." Akanifuta theluji begani kama mtoto. "Mwanangu, hata akicheka mara moja tu, utakuwa umefanya jambo."

Mashine ya kuvunia mahindi ilikuwa imefunguliwa tumbo, na Emmett ameingia humo mpaka kiunoni. Nikagonga bati. Akatoka, grisi usoni, akaniangalia bila kushangaa. Redio ndogo ilikuwa juu ya pipa, mechi ileile.

"Padre amekutuma," akasema.

"Padre anajua nimekuja, hajanituma. Nimekuja kukwambia kitu kimoja halafu nile, halafu niondoke. Wastani wa jaribio la kwanza ulikuwa arobaini na saba. Wa pili hamsini na mbili. Sitini na nne yako ni ya tisa. Ya tisa, Emmett. Bibi anatupima sisi kwa sisi, si kwa mia. Hakuna aliyewahi kupata mia tangu azaliwe yule bibi."

Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Unasema hivyo ili nirudi."

"Nasema hivyo kwa sababu ndivyo."

"Padre alisema nina vipaji vingi. Mwalimu wangu wa zamani akaja hapa akasema kila mtu anateleza. Mama anasema Mungu ana mipango. Watu wote wanasema maneno mazuri, Kaz. Siwezi kujua lipi ni kweli."

Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kwenye redio wale wa Jimbo walikuwa wamefunga, na mtangazaji anasema tumebakiwa na robo ya mwisho.

Emmett akageuka kuangalia redio. Halafu akaniangalia mimi. Halafu redio.

"Hiyo ni mechi ya Jimbo," akasema.

"Ndiyo."

"Inachezwa sasa hivi."

"Nasikia."

"Nyumbani. Inachezwa kwetu." Alisema kwetu, mwenyewe hakusikia. "Tiketi yako iko wapi?"

"Mfukoni mwa mgeni wa kaka yake Tess, juu ya benchi. Ndiyo bei ya pikapu."

Akakaa naye, kwenye gurudumu. Akaisogeza redio karibu. Hapo nikaona kitu kinasogea usoni mwake, kidogo sana, kama barafu ya bwawa inapopata ufa wa kwanza.

"Ya tisa," akasema.

"Ya tisa."

"Na zako?"

"Arobaini na moja. Usiniulize ya ngapi, tutaharibu siku."

"Unawezaje?" akauliza. Hakuwa anadharau. Alikuwa anauliza kama mtu anavyouliza njia. "Unapata thelathini na nane halafu unakwenda kula. Mimi nilipoiona ile sitini na moja sikuhisi chochote. Nilingoja nihisi, sikuhisi. Mpaka leo."

Nilitaka kusema mzaha. Ulikuwepo, tayari, mdomoni. Nikasema, "Mimi pia. Toka Juni. Tofauti yetu mimi napiga kelele."

Tukasikiliza mechi mpaka mwisho. Tumeshindwa kwa alama moja. Mama yake akatuita, nyama ya nguruwe ya kukaanga ndani ya mkate, nyama imezidi mkate pande zote, na pai ya tufaha. Nimekula vipande vinne vya pai. Emmett viwili. Mama yake alikuwa anahesabu vya Emmett, aligeuka akaosha bakuli lililokuwa safi.

Hakusema atarudi. Nilipowasha gari alikuja dirishani.

"Ile asidi ya mara ya mwisho, umeielewa?"

"Nilishika chupa."

Akatikisa kichwa, akarudi bandani.

Jumatatu, Novemba 17

Saa tisa alasiri nilikuwa nimelala. Mlango ukafunguliwa. Reki ya mtu, begi moja, vitabu.

"Siagi yangu ya karanga iko wapi?" akasema.

Kopo tupu lilikuwa dirishani. Nikamwonyesha.

Alhamisi, Novemba 20

Emmett ananifundisha Kemia. Ni mwalimu mkatili. Nikitania anangoja nimalize, halafu anauliza swali lilelile.

Jumanne, Novemba 25

Theluji imeshika. Nimepata swali moja sawa bila kusaidiwa. Nilidhani atapiga makofi. Akageuza ukurasa.

Jumatano, Desemba 3

Moli ni hesabu ya vitu vidogo mno vilivyo vingi mno. Nimeelewa nikiwa kwenye foleni ya viazi. Nilimwambia aliyekuwa mbele yangu, mchezaji wa safu ya ulinzi. Akasema hongera.

Jumatano, Desemba 10

Mtihani wa mwisho. Kabla yake watu wote wamekwenda kuwasha mishumaa kwenye pango la Bikira, theluji pale imeyeyuka ikawa tope. Niliwasha mmoja. Sikusema ni wa nani, lakini ulikuwa wa mzee mmoja asiye na meno mawili.

Maswali kumi na mawili. Sita nilikuwa nayajua kama ninavyoijua menyu.

Jumanne, Desemba 16

Brandvold ameniita ofisini. Dirisha lake linaangalia uwanja. Viti vipya vimekamilika, vimefunikwa turubai.

"Bwana Pawlak. Umepata hamsini na nane. Hakuna mwanafunzi aliyepanda kama wewe muhula huu."

"Asante, Profesa."

"Jumla yako imekuweka wa mia na ishirini na moja."

"Nilidhani utasema wa kwanza."

Hakucheka, lakini hakukasirika. "Maabara ina viti mia na ishirini. Mwaka jana niliandika kuomba kimoja zaidi. Kimoja." Akatazama nje kwenye turubai. "Wakaniambia hakuna nafasi."

Nilipiga hesabu kichwani. Ni hesabu ndogo, hata mimi naiweza. Mia na ishirini na moja, toa mmoja wa Iowa, ni mia na ishirini. Nikaifuta hesabu nikasimama, nikampa mkono. Mkono wake una chaki mpaka kwenye mistari.

Sikuhisi kitu. Nilinunua soseji, nikala yote, haradali na kila kitu.

Jumatano, Desemba 17

Padre Tierney ameshapeleka maombi kwa wakuu, wamekataa, sharti ni sharti. Anasema naweza kuomba tena baada ya mwaka. Mjomba anasema matairi yapo.

Emmett ameuliza nimefeli somo gani. Nimemwambia falsafa, kwamba wamegundua sina nafsi.

Ijumaa, Desemba 19

Naandika ndani ya basi la Toledo. Gari linatikisa, mwandiko usiulaumu.

Nilishuka na sanduku nikakuta Malaki nzima iko nje kwenye theluji, Dooley mbele, Tess amekuja na glovu za kaka yake. Padre amesimama mlangoni na mbwa.

"Weka sanduku chini," akasema Emmett.

"Basi litaniacha."

"Ulipata ngapi Kemia?"

"Nimekwambia ni falsa—"

"Ulipata ngapi, Kaz?"

"Hamsini na nane."

"Hamsini na nane," akawaambia wenzake. Dooley akaguna kama ng'ombe. Akasema ningefeli vizuri zaidi ningewapunguzia kazi. Wakanizunguka, kumi na wawili au zaidi, mikono chini ya mgongo, chini ya mapaja, mmoja amenishika mkanda.

Emmett alikuwa upande wa kichwa. Akainama karibu na sikio. "Wa mia na ishirini na moja," akasema taratibu. "Hesabu hiyo naijua. Nilimuuliza Tess."

"Basi hesabu nyingine," nikamwambia. "Rusha."

Moja. Sikutoka ardhini sana. Mbili. Tatu, wakapata mwendo. Emmett ndiye alikuwa anahesabu, kwa sauti kubwa, sauti ambayo sijapata kuisikia kwake, imepasuka katikati. Kumi nikaona paa la kanisa. Ishirini nikauona uwanja wote kwa mbali, viti vyote vitupu. Watu walikuwa wanatukana, wanateleza, Tess amepoteza glovu. Nikajaribu kuweka uso wa Emmett wa Septemba, wa shati kwenye kamba. Ukakaa mpaka thelathini na kitu.

Arobaini na moja, arobaini na mbili. Pale juu kabisa, kabla ya kushuka, tumbo linabaki nyuma yako, halafu linakufuata. Likanifuata. Nikasikia mtu analia kwa kelele kama ng'ombe aliyefungiwa nje, nikadhani ni Dooley.

Waliponiweka chini Emmett alikuwa bado anasema hamsini na nane. Hakuna aliyenicheka. Dooley akaniokotea kofia.

Tumepita mpaka wa Ohio sasa hivi. Tumbo linauma. Nimeliacha liume.